Pikipiki Inagonga Tik-Tik: Jinsi ya Kuitafuta Sauti Kabla ya Kushika Spana

Injini ikianza kutoa ule mlio mkavu wa tik-tik-tik, karibu kila anayesimama jirani atakwambia neno moja: tapeti, yaani zile skrubu zinazoweka nafasi ndogo juu ya vali (milango ya hewa na moshi ya injini). Mara nyingi atakuwa amepatia. Lakini kuna siku tik-tik hiyo ni moshi unaopenya kwenye gasketi ya ekzosi, au plagi iliyolegea, au cheni ya taimingi iliyochoka, ile ya ndani inayozungusha kemshafti, mhimili unaofungua vali. Hapo ukikimbilia kukaza tapeti utaharibu kilichokuwa kizima, na ugonjwa wenyewe utabaki pale pale.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipokuwa bado najifunza ufundi, niliwahi kuletewa pikipiki iliyokuwa ikigonga kila inapowashwa asubuhi. Nikafungua vifuniko vya tapeti, nikakaza skrubu mpaka nafasi ikaisha, nikawasha. Injini ilipopata moto sauti ikapungua, mwenyewe akaondoka ameridhika, nami nikaamini nimetibu. Baada ya wiki chache akarudi anaisukuma. Kiki nyepesi haina ubishi, injini haiwaki, ikiwaka haina nguvu. Vali ya kutolea ilikuwa imeungua ukingoni kwa sababu niliizuia isifunge mpaka mwisho. Na ile tik-tik ya asubuhi ilikuwa bado ipo, kwa kuwa tangu mwanzo ilitoka kwenye gasketi ya ekzosi, kipete kidogo kinachobadilishwa kwa kufungua nati mbili.

Tangu siku hiyo sishiki spana kabla sijajua sauti inakaa wapi. Ndivyo nitakavyokuongoza hapa. Nazungumzia zaidi injini ndogo za fostroki zenye silinda moja na zinazopozwa kwa upepo, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo mtu anaweza kuzipima mwenyewe. Kwenye pikipiki kubwa za silinda nyingi njia ya kusikiliza ni ile ile, ila vali zake mara nyingi hurekebishwa kwa vidonge vya chuma vya unene tofauti, na kazi hiyo mwachie fundi aliyewahi kuifanya.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ndefu yenye mpini mgumu, kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono mmoja, maji ya sabuni, kitambaa kizito, tochi, spana za kawaida, spana ya plagi, na fila, yaani yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Kitabu cha pikipiki yako kikiwepo, kiweke karibu, maana kipimo cha vali hakikisiwi.

Fanya kazi nje. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua kabla mtu hajajua kinachomtokea. Weka gia huru, simamisha kwa stendi ya kati, na mikono iwe mbali na cheni pamoja na ekzosi.

Hatua ya kwanza: ihoji sauti

Usifungue kitu. Washa injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana iliyolala usiku kucha, kisha usikilize kwa dakika tano. Wengi huruka hatua hii, na hapa ndipo nusu ya jibu ilipo.

Sauti iko kali wakati wa baridi halafu inapungua au kuisha injini ikipata moto? Mambo mawili yanakuja mbele: ekzosi inayovuja pale inapoungana na hedi (kichwa cha injini kilicho juu ya silinda), na pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba ule upenyo. Ekzosi inatoa tik kali, nyembamba, yenye pumzi ndani yake. Pistoni inatoa sauti nzito kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole.

Sauti iko vile vile baridi na moto, ni nyepesi, ya mpigo mmoja unaorudiwa kwa mpangilio, na inaongeza kasi pamoja na resi? Hiyo ina tabia za tapeti. Injini ya fostroki hufungua kila vali mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwa hiyo injini inayozunguka mara 1400 kwa dakika bila kuvutwa resi inafungua vali ya kuingizia mara 700 tu katika dakika hiyo. Hutaweza kuhesabu, lakini sikio linatambua: sauti ya vali inaonekana kuwa ya polepole kuliko mngurumo wenyewe, kana kwamba inaruka hatua moja. Kinachogonga kwenye krenki au pistoni kinaweza kupiga kila mzunguko, na kinasikika kama kimejaa zaidi. Usilichukulie hili kuwa hukumu, kwa sababu ekzosi nayo hutema moshi mara moja katika mizunguko miwili, na ndiyo maana inafanana sana na tapeti.

Sauti inakuja ukiachia resi ghafla, ikiwa ni ya kukwaruza au kuchachatika kuliko kugonga? Fikiria cheni ya taimingi. Inakuja tu ukipanda mlima na mzigo, mfano wa shanga zinazomwagika kwenye bati, na injini ikitulia haipo? Hapo mafuta yanalipuka kwa wakati usio wake ndani ya silinda: injini ina joto kupita kiasi, kabureta inatoa petroli kidogo, au taimingi ya moto imesogea mbele. Hakuna spana ya tapeti itakayoponya hilo.

Sasa bana klachi, kisha achia, gia ikiwa huru. Mlio ukibadilika au kukatika, chunguza kikapu cha klachi na gia zilizo upande huo. Mwisho, endesha taratibu mahali salama, zima injini na uache pikipiki ijiviringe. Kama tik-tik inaendelea huku injini imezimwa, haikuwa ya injini. Nimewahi kuona mtu aliyekwisha lipia kazi ya hedi, na kilichokuwa kikigonga ni kokoto iliyonasa kwenye meno ya tairi la nyuma.

Kuna milio ya haki pia. Ukizima injini na kusikia tik… tik… ikipungua taratibu, ni ekzosi na mapezi ya silinda yanapoa na kusinyaa. Pikipiki zenye mfumo wa sindano badala ya kabureta hutoa mlio mdogo wa harakaharaka pale sindano inapofunguka na kufunga. Na injini yenye nafasi sahihi ya vali husikika kidogo, jambo nitakalolirudia huko mbele kwa sababu ndilo linaloua vali nyingi.

Hatua ya pili: oili

Zima, subiri dakika chache oili iteremke, hakikisha pikipiki imesimama wima, kisha pima. Kwenye injini nyingi kijiti cha oili huchomekwa bila kukizungusha kikaza, na baadhi hutaka kizungushwe. Kitabu kitakuambia. Injini ndogo hubeba kama lita moja tu, kwa hiyo upungufu wa robo lita si mdogo hata kidogo.

Hedi iko mbali na pampu, na oili ikipungua au ikiwa nyepesi, roka, vile vyuma vinavyosukuma vali zifunguke, ndizo za kwanza kulalamika. Chukua tone kati ya vidole viwili. Ikinuka petroli, kabureta inavujisha petroli kuingia kwenye injini na oili imeshakuwa maji. Ikiwa nyeusi na haina utelezi, imemaliza kazi yake. Badilisha kwa uzito (yaani unene wa oili) ulioandikwa kwenye kitabu, uchague oili ya pikipiki ambayo klachi yake huoga ndani ya oili, kisha usikilize tena. Usiongeze oili nzito kuliko inayotakiwa ili kuificha sauti. Sauti itanyamaza na chuma kitaendelea kulika.

Unapomwaga ile ya zamani, imwage kwenye chombo safi na uimulike kwa tochi. Vumbi la kijivu laini kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni la kawaida. Vipande vinavyometameta unavyoweza kuvihisi kwa kidole si vya kawaida. Vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma, labda cha beringi au gia. Visivyonasa, vyenye weupe wa fedha, ni aluminiamu ya pistoni au ya hedi. Ukiviona, usiwashe tena injini hiyo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayozungumzia konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki.

Hatua ya tatu: vitu vilivyolegea nje

Pita na mkono, injini ikiwa imezimwa na kupoa: ngao ya ekzosi, bolti za kushikilia injini kwenye fremu, kifuniko cha cheni, kifuniko cha magneti (sehemu inayozalisha umeme wa injini). Tikisa kila kimoja. Kisha washa na ubonyeze ngao kwa mpini wa mbao. Mlio ukikatika, umemaliza. Ni kazi ya dakika mbili, usiidharau.

Hatua ya nne: ekzosi na plagi

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi.

Mulika pale bomba la ekzosi linapoingia kwenye hedi. Moshi unaovuja huacha alama: weusi wa masizi uliotandazwa kama brashi, ukielekea upande mmoja kutoka kwenye ungio. Ukiona brashi hiyo, karibu umeshapata jibu. Usipoiona, injini ikiwa baridi paka maji ya sabuni kuzunguka ungio, washa, na uangalie kwa sekunde thelathini za mwanzo kabla joto halijakausha. Povu linalochemka kwa mdundo ule ule wa tik-tik ni ushahidi ambao hauna ubishi.

Njia nyingine: kunja kitambaa kizito kilicholowa maji, vaa glavu, na uzibe mdomo wa ekzosi kwa sekunde mbili tatu. Moshi ukikosa njia ya nyuma utasukuma kwa nguvu kwenye tundu la mbele, na tik-tik itapanda sauti. Achia upesi. Ukishika ule mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine ukiipitisha polepole kuzunguka ungio bila kugusa bomba, utasikia pumzi ikipiga mahali penyewe. Mpira husikia hewa vizuri kuliko bisibisi.

Dawa yake ni gasketi mpya. Fungua nati mbili za ekzosi, chokoa gasketi ya zamani yote (mara nyingi inabaki imegandamana ndani ya tundu na watu huipachika mpya juu yake), safisha uso, weka mpya, kisha kaza nati kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ili bomba likae sawa. Bolti za hedi hapo hukatika kirahisi zikiwa na kutu, kwa hiyo zimwagie mafuta ya kulainisha kutu mapema na usizilazimishe.

Plagi ndiyo ndugu yake. Plagi isiyokaza sawasawa huvujisha mgandamizo kwenye uzi wake na kutoa tik yenye pumzi, na ukiitazama chini utaona oili au weusi umezunguka kitako chake. Maji ya sabuni yanafaa hapa pia, injini ikiwa baridi. Halafu kuna cheche inayokimbia: waya wa plagi au kepu yake ikipasuka, umeme huruka kwenda kwenye chuma na kulia tik-tik kavu. Washa gizani na utazame. Utaona uzi wa samawati ukirukaruka. Usiuguse.

Hatua ya tano: sikiliza kwa bisibisi

Kama umefika hapa na sauti bado ipo, iko ndani. Chukua ile bisibisi ndefu, ncha yake iweke kwenye bolti au mahali pagumu pa injini, mpini uubane kwenye mfupa ulio mbele ya tundu la sikio. Chuma hubeba sauti mpaka kwenye mfupa, na mlio uliokuwa umetapakaa hewani unakuwa na anwani. Funga nywele, kunja shingo ya nguo, na uwe mbali na kitu kinachozunguka.

Pitia kwa mpangilio: kifuniko cha tapeti ya kuingizia, kifuniko cha tapeti ya kutolea, ubavu wa hedi na silinda unaopitisha cheni ya taimingi, mgongo wa silinda kwenye tenshena (kikaza cheni hiyo), katikati ya silinda mbele na nyuma, kifuniko cha klachi, kifuniko cha magneti, na mwisho tumbo la injini karibu na krenki. Usitafute mahali panapotoa sauti, kwa sababu pote patatoa. Tafuta mahali inapokuwa *kali na karibu*, kana kwamba kinakugonga sikioni. Rudia mara mbili. Sehemu ikirudi kuwa ile ile, andika.

Hatua ya sita: pima vali

Bisibisi imekuonyesha kifuniko cha tapeti. Sasa injini ipoe kabisa, si ya kugusika tu bali iliyokaa saa kadhaa, kwa sababu vipimo vya vitabuni ni vya injini baridi na chuma cha moto kitakudanganya.

Toa plagi ili krenki izunguke bila upinzani. Fungua vifuniko vya tapeti viwili. Fungua vifuniko vidogo kwenye ubavu wa magneti: kimoja ni cha kuingiza boksi ya kuzungushia nati ya krenki, kingine ni kidirisha cha kuonea alama. Zungusha kwa upande ambao injini huzungukia yenyewe. Kwenye nyingi zenye magneti upande wa kushoto ni kinyume cha mishale ya saa.

Kwenye magneti utaona herufi T na F. F ni ya taimingi ya moto, usiitumie. T inaonyesha pistoni iko juu kabisa. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko kamili wa kazi, na moja tu ndiyo yako: ile ambayo vali zote mbili zimefungwa. Tazama roka ya kuingizia. Izungushe krenki mpaka roka ishuke kufungua vali, ipande tena, kisha endelea mpaka T ikae kwenye alama ya kidirisha. Shika kila roka kwa vidole uitikise juu na chini. Zote mbili zikiwa na mchezo mdogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imekaza kama jiwe, zungusha krenki duru nzima na ujaribu tena. Ukiipita alama kidogo, usirudishe nyuma. Zungusha duru mbili tena na uje taratibu, ili cheni ibaki imevutika upande wake.

Injini nyingi ndogo hutaka nafasi iliyo kati ya milimita 0.05 na 0.10, na mara nyingi ya kutolea hupewa sawa na ya kuingizia au pana zaidi, kwa kuwa vali yake hupata joto kali zaidi na kurefuka. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1, ujue tu unazungumzia kitu chembamba kiasi gani. Usipimie karatasi.

Ingiza jani la fila la kipimo cha kitabu kati ya skrubu ya roka na kichwa cha vali. Linatakiwa lipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi kutoka chini ya kitabu. Likipita bila kugusa, nafasi ni kubwa na tik-tik yako ina jina. Lisipoingia, nafasi ni ndogo, na hilo ni baya kuliko kugonga.

Kurekebisha: legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu huku jani likiwa ndani mpaka ukwaruzo uwe sawa, shikilia skrubu isisogee, kaza nati. Kisha pima tena. Karibu kila mara nati ikikazwa skrubu hugeuka nayo kidogo na nafasi inabadilika, kwa hiyo kuwa tayari kurudia mara tatu au nne. Nati yenyewe ni ndogo. Ikaze kwa spana fupi na nguvu ya kiganja, usiitundikie mwili.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Usikaze mpaka sauti iishe kabisa. Vali ya kutolea hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake, kwa sababu ndipo inapotua joto kwenda kwenye hedi. Nafasi ikiwa ndogo mno, injini ikipata moto vali inabaki imeinuliwa kama unywele, gesi ya moto inapita ukingoni kila mlipuko, na ukingo unaungua. Hutasikia lolote. Pikipiki itakuwa na utulivu wa kupendeza, huku nguvu ikipungua wiki baada ya wiki. Fundi anayekurudishia injini kimya kuliko ilivyokuwa mpya, muulize ameweka nafasi ngapi. Akikosa tarakimu ya kukutajia, pima tena mwenyewe.

Hatua ya saba: nafasi ni sahihi lakini bado inagonga

Hii huwavunja moyo watu, na sababu yake ya kwanza inaonekana kwa macho. Mulika ncha ya skrubu ya roka na kichwa cha vali. Baada ya kazi ya muda mrefu nyuso hizo huchimbika na kuwa kama kijiko. Jani la fila ni bapa, linalala juu ya kingo za lile shimo na kukuambia nafasi ni 0.08, wakati chini yake kuna nafasi zaidi ambayo jani haliwezi kuigusa. Fila haitakusaidia mpaka skrubu zibadilishwe.

Kisha shika roka na uisukume, si juu na chini, bali kwa kuitikisa kwenye pini yake. Mchezo unaouhisi hapo ni wa pini au tundu lililolika. Zungusha krenki na utazame uso wa kemshafti kadiri unavyoonekana: ukiona michirizi au ngozi iliyobanduka, kemshafti na roka hubadilishwa pamoja, kwa sababu kimoja kibovu hukila kipya.

Roka zikikutwa kavu, uliza oili inafika? Rudisha plagi na vifuniko vyote, kisha legeza kimoja cha tapeti, washa bila kuvuta resi, na ukinyanyue kidogo huku kitambaa kikikinga. Ndani ya muda mfupi unatakiwa uone oili ikirukaruka. Pakibaki pakavu, zima. Njia ya oili imeziba au pampu imechoka, na kila dakika ya kuwasha inakula hedi.

Kama bisibisi ilikuonyesha ubavu wa cheni ya taimingi, anza na tenshena. Za kujirekebisha zenyewe hukwama ndani, na za kurekebisha kwa bolti husahauliwa tu. Itoe, bonyeza fimbo yake kwa kidole: ikirudi nyuma kirahisi ilhali inatakiwa ijifunge, imekufa. Kabla ya kuitoa weka pistoni kwenye T na usizungushe krenki mpaka uirudishe, maana cheni ikiruka jino moja taimingi yote imeharibika. Tenshena ikiwa nzima na imefika mwisho wa safari yake, cheni ndiyo imerefuka. Injini zinazotumia fimbo za kusukumia roka hazina cheni hiyo, kwa hizo ruka sehemu hii.

Hatua ya nane: sauti ya chini

Kama sauti kali iko katikati ya silinda na inapungua ikipata moto, toa plagi injini ikiwa baridi, dondosha kijiko kidogo cha oili ndani, zungusha kwa kiki mara kadhaa, rudisha plagi na uwashe. Sauti ikinyamaza kwa muda mfupi kisha ikarudi pamoja na moshi wa kuteketea kwa oili ile, pistoni imelegea kwenye silinda. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kutembea muda mrefu kama haili oili, lakini ipangie matengenezo.

Sauti ya konrodi ni nyingine. Ni nzito, inatoka chini, inaongezeka ukiipa injini mzigo, na haijali joto. Kuipima: toa plagi, ingiza mrija mgumu wa plastiki mpaka uguse kichwa cha pistoni, peleka pistoni karibu na juu, halafu itikise krenki kwa mkono mbele na nyuma polepole sana. Mrija unatakiwa usogee papo hapo na mkono. Krenki ikisogea kidogo huku mrija umesimama, kisha ukasikia *tak* ndipo mrija uondoke, kuna mchezo kwenye konrodi au pini ya pistoni. Pikipiki isiendeshwe tena, hata mpaka kwa fundi. Ibebwe. Konrodi ikikatika hutoboa kasha la injini, na gurudumu la nyuma linaweza kukwama ukiwa njiani.

Baada ya kazi

Rudisha vifuniko vya tapeti na oringi nzima, oringi iliyokakamaa itavuja. Washa, weka bisibisi pale pale ulipoandika mwanzo, sikiliza. Endesha kwa dakika ishirini hivi, rudi, angalia kama kuna oili inayotoka kwenye vifuniko na kama ungio la ekzosi limebaki safi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pima nafasi ya vali kwa mara nyingine, na uandike tarakimu zote mbili pamoja na kilomita zilizopo kwenye mita. Zikishuka zenyewe bila mtu kugusa skrubu, vali inazama kwenye kiti chake, na hedi itahitaji kufunguliwa.